TAHARIRI: MCHWA HAPIGI HODI



Mvua zikianza, watoto hukimbilia kumbikumbi. Kitoweo kizuri, hatukatai. Lakini kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa. Waliokwepa kikaango huangusha mbawa, dume na jike wakaingia ardhini, na ukoo mpya ukaanza.

Mchwa hapendi mwanga wala ukavu. Ndiyo maana hujenga vijia vya udongo ukutani na kwenye nguzo, apite humo amejificha. Nguzo kwa nje nzima, ukiigonga inalia kama debe tupu. Siku upepo ukija, paa liko chini!

Sasa tunasikia wengine wanasema, eti dawa ya pamba iliyobaki imwagwe chini ya kitanda na ghalani, basi kazi imekwisha. Hapana, ndugu! Dawa ya shamba ni ya shamba. Nyumbani wanalala watoto, na ghalani yamo mahindi ya kula. Hata aldrini na dieldrini, zilizosifiwa sana zamani kwa kuua mchwa, mataifa yalikubaliana mwaka 2001 huko Stockholm ziondolewe, maana hukaa ardhini miaka mingi na kuingia miilini mwa watu. Mwenye kopo kuukuu asilifungue. Amwambie bwana shamba.

Haya, tufanye nini?

1. Kila wiki tukague kuta na nguzo. Ukiona kijia, kivunje. Kikirudi, kifuate mpaka kinapotokea.
2. Nguzo isimame juu ya jiwe au zege, siyo udongoni.
3. Kuni na mabua yasiegemee ukuta.
4. Tuchimbe mfereji, maji yasituame kwenye msingi.
5. Magunia yakae juu ya vichaga, mbali na ukuta.
6. Anayejenga atafute moyo wa mninga au mvule.

Wakizidi nguvu, tumwulize bwana shamba dawa inayoruhusiwa ndani ya nyumba na namna ya kuitumia.

Tunalo neno moja zaidi. Nyumbani kwako utamwona mchwa, kwa sababu unalala humo. Ghala letu halina anayelala humo. Kila mtu akidhani mwenzake ametazama, basi hakuna aliyetazama, na jasho la msimu mzima litaliwa kimya kimya. Kwa hiyo tunaomba kila balozi atoe watu wawili kwa zamu, wakague ghala kila Jumamosi asubuhi. Kugonga nguzo hakuna gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ushirika ni macho ya wote!