Sindano ya Mgongo na Mama Anayejifungua

Ndugu zetu katika imani, lipo swali ambalo waume hutuletea baada ya Swala ya Ijumaa, kwa sauti ya chini, pembeni ya msikiti. Tumeulizwa Tandika na Mbagala, tukaulizwa Manzese na Mwananyamala: je, ni kweli kwamba sindano ya ganzi inayochomwa mgongoni humlemaza mama? Mmoja alitusimulia kwamba mkewe alipotakiwa kufanyiwa upasuaji, yeye aliikataa sindano hiyo na saa kadhaa zikapotea kwa mabishano. Mtoto alitolewa akiwa hoi. Hatumlaumu ndugu huyo, kwani alikuwa amejazwa maneno ya mtaani na hakuna aliyemfafanulia.

Ukweli ni kwamba uti wa mgongo huishia juu kidogo ya kiuno, na sindano hiyo huingizwa chini ya hapo, palipo na maji na nyuzi za mishipa ya fahamu. Njia hii ilianzishwa na daktari Mjerumani, August Bier, mwaka 1898. Mama hubaki macho, akamsikia mwanawe akilia, na aghalabu huwa salama kuliko akipewa nusukaputi. Ipo na njia ya pili, iitwayo epidurali, ambapo dawa hupitishwa kidogo kidogo kwa mrija mwembamba ili kutuliza uchungu wa kujifungua kwa kawaida.

Hatusemi kwamba dawa hizi hazina madhara. Shinikizo la damu huweza kushuka ghafla, na wachache huumwa kichwa siku kadhaa. Dawa nyingi ikiingia katika mshipa wa damu, moyo huweza kusimama. Kwa sababu ya vifo vya namna hiyo, mwaka 1984 Marekani ilizuia bupivakaini kali ya asilimia 0.75 kwa wazazi, na tangu hapo hutumika iliyo hafifu zaidi. Ama kulemaa moja kwa moja, ni jambo la nadra mno. Maumivu ya mgongo baada ya kuzaa huwapata hata wasiochomwa sindano.

Wapo wanaodai kwamba uchungu ni kafara, hivyo usiondolewe. Tunawauliza: Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu penye shina la mtende, je, alikaripiwa kwa kulalama kwake? La, aliliwazwa, akapewa kijito cha maji na tende mbivu.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza epidurali kwa mama mwenye afya anayeomba kutulizwa maumivu. Katika wodi za umma za jiji letu huduma hiyo ni adimu, kwa kuwa wataalamu wa usingizi ni wachache, na mama aliyewekewa mrija hawezi kuachwa bila mtu wa kumpima presha mara kwa mara. Hilo tunalielewa. Tusilolielewa ni habari za akina mama wanaotueleza kwamba walishonwa baada ya kuchanika bila hata tone la ganzi, ilhali lignokaini ni dawa ya bei ndogo, iliyotengenezwa Sweden tangu 1943, na mkunga aliyefunzwa anaweza kuichoma mwenyewe. Kumwambia mwanamke avumilie kwa kuwa si wa kwanza kuzaa ni dhulma.

Basi mume na afuatane na mkewe kliniki, waulize: ni nani atakayetoa ganzi? Oksijeni ipo? Dawa ya kupandisha presha ipo? Mama naye aseme kama damu yake huchelewa kuganda, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, au kama ana jipu mgongoni, kwani hayo huweza kuizuia sindano. Maswali haya yana nafasi yake mchana, mbele ya mkunga mwenye wasaa, wala hayafai kuanzwa saa nane ya usiku mlangoni pa chumba cha upasuaji.