Mwacheni Godzilla Aanze Upya

Kila filamu mpya ya Godzilla inapotangazwa, mashabiki huja na ombi lilelile kwa maneno tofauti. Wapo wanaotaka Shin Godzilla ya mwaka 2016 ipate sehemu ya pili, wapo wanaotaka madubwana wa zamani kama Biollante na Destoroyah warudishwe, na wapo wengi zaidi wanaotaka filamu zote za kampuni ya Toho ziungwe ziwe hadithi moja ndefu kama zile za mashujaa wa Marvel, tukio la filamu hii lizae filamu ile, na kila dubwana liwe na ukoo wake, tarehe zake na visasi vyake. Imani iliyo chini ya ombi hilo ni kwamba mfululizo wenye umri wa miaka 70 na ushei hauwezi kuwa na kesho bila kufungwa kamba na jana yake. Mimi naiona imani hiyo ina makosa, tena makosa yanayoweza kuiua kazi ambayo mashabiki haohao wanaipenda kwa dhati. Godzilla amefika hapa alipo kwa sababu kila baada ya muda wametokea watunzi waliothubutu kuzisahau filamu zilizotangulia na kuyakumbuka yaliyoipata nchi yao.

Tuanze pale alipozaliwa. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa jodari waliokuwa katika meli ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Mwezi wa Septemba mwendeshaji redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, akafariki. Wiki sita hivi baadaye, tarehe 3 Novemba, filamu ya kwanza ya Godzilla, ya Ishiro Honda, ikaingia kwenye majumba ya sinema, na tukio lake la kwanza ni meli inayomezwa na mwanga baharini. Mtazamaji wa Japani hakuhitaji kuelezwa chochote. Ndani ya garimoshi abiria wa kawaida wanalizungumzia dubwana, na mwanamke mmoja anataja kwamba yeye alinusurika Nagasaki, anataja kama mtu anayetaja homa iliyompata mwaka juzi. Baadaye, Tokyo ikiwaka moto, mama mmoja amejikunyata chini ya jengo amewakumbatia wanawe, anawaambia kwamba sasa hivi wote watakuwa pamoja na baba yao. Hatuambiwi baba yule alifia wapi. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu vita viishe, na katika viti vya sinema ile walikaa wajane.

Sasa mchukueni mama huyo mumtie katika ulimwengu ambao mashabiki wanauomba, ambamo madubwana yamekuja mwaka jana na yatakuja mwakani. Atakuwa na king'ora anachokijua, handaki analolijua, na namba ya kupiga simu. Maneno yake kwa wanawe yatapoteza uzito, na mtazamaji atakachojiuliza ni kwa nini hakuwahi kukimbia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika filamu za miaka ya 1990 zenye jeshi maalumu la kupambana na Godzilla, na ndivyo ilivyo katika filamu za Marekani zenye shirika la Monarch: watu wenye sare wamekaa mbele ya skrini, wanalitambua dubwana kwa jina, wanasoma vipimo vyake na kuwaeleza wenzao tabia zake. Kinachotisha kikishafunguliwa jalada na kupewa idara, hofu inageuka kazi ya ofisini.

Wasimulizi wa Kiswahili walilijua hili zamani. Zimwi linalouawa katika ngano ya leo li hai kesho usiku, na hakuna mtoto anayeuliza lilifufukaje. Katika ngano ya nunda mla watu, paka wa sultani anaanza na kuku, anapanda hadi mifugo, hatimaye anakula watu, na kila malalamiko yanapoletwa sultani anamtetea kwa kuwa ni wake, mpaka mnyama anapowageukia wana wake mwenyewe. Nguvu ya hadithi ile imo katika utetezi wa yule baba, na ingedhoofika vibaya kama msimulizi angetakiwa kwanza aeleze undugu wa nunda na mazimwi ya ngano nyingine kumi.

Historia ya mfululizo huu inashuhudia vivyo hivyo. Filamu ya 1954 iliuza tiketi zipatazo milioni 9.6. Ya 15, iliyotoka mwaka 1975, haikufikisha hata milioni moja. Najua televisheni ilikuwa imekwisha kuwachukua watazamaji wa sinema zote nchini Japani, kwa hiyo siwezi kuibebesha hadithi mzigo wote. Lakini ona Toho walifanya nini walipotaka kumrudisha mwaka 1984: walizifuta filamu 14 kwa mkupuo na kuanza pale ya kwanza ilipoishia. Mwaka 2004, kwenye jubilei ya miaka 50, wakafanya kinyume chake. Godzilla: Final Wars iliyakusanya madubwana zaidi ya kumi katika karamu moja, kila shabiki akamwona kipenzi chake, lakini watu wachache tu walikwenda kuitazama. Ukimya uliofuata katika studio za Japani ulidumu miaka 12.

Aliyeuvunja ukimya huo ni Hideaki Anno, akishirikiana na Shinji Higuchi, kwa filamu ambayo ndani yake Godzilla hajawahi kuonekana Japani. Katika Shin Godzilla kiumbe kinapanda mto kuingia Kamata kikiwa bado hakijawa na umbo tunalolijua, macho ya mviringo kama ya samaki, damu ikimwagika kutoka kwenye matamvua, na mbele yake mashua na vipande vya mbao vinasukumwa kurundikana juu ya maji machafu. Yeyote aliyeona picha za tsunami ya Machi 2011 alizitambua mashua zile. Huku nyuma mawaziri wanahama kutoka chumba kimoja cha mkutano kwenda kingine, wakitafuta kifungu cha sheria kitakachowaruhusu kuamua. Japani iliyokuwa imeishi na janga la nyuklia la Fukushima kwa miaka mitano ilijiona pale, na filamu ikapewa tuzo kuu ya filamu bora nchini humo. Kumbukumbu iliyohitajika ilikuwa ya taifa, nayo kila mtazamaji alikuja nayo kutoka nyumbani.

Miaka miwili baada ya hapo, Toho nao wakaanza kuzungumzia kujenga ulimwengu mmoja wa filamu kwa mtindo wa Marvel. Kilichokuja mwaka 2023 kikawa Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, inayosimama peke yake na kurudi nyuma hata kuliko 1954. Shujaa wake ni rubani aliyetumwa kufa, akasingizia ubovu wa ndege ili aishi, na sasa anajipatia riziki kwa kutegua mabomu ya baharini katika mashua ya mbao, kwa sababu vita vimekwisha lakini mabomu yamebaki majini. Bajeti yake ilitajwa kuwa chini ya dola milioni 15, wasanii 35 wakatengeneza picha zake za kompyuta, na mwaka 2024 ikatwaa Oscar ya athari za picha mbele ya filamu zilizogharimu mara nyingi zaidi. Mtu ambaye hajaona filamu nyingine yoyote ya Godzilla anaweza kuketi akaielewa yote na kulia.

Watakaonipinga wana hoja, na yenye nguvu kuliko zote inahusu filamu za 1984 hadi 1995. Zilikuwa zinafuatana, na bado zinapendwa. Miki Saegusa, mwanamke mwenye uwezo wa kuhisi mawazo ya Godzilla, anaonekana katika sita kati yake, na tunamwona akikomaa. Nakubali kwamba kumfuata mhusika kwa miaka sita kuna utamu wake. Lakini anayezisifu filamu hizo kwa mpangilio wake aitazame tena ile ya 1991, ambayo wageni kutoka wakati ujao wanarudi nyuma kubadilisha asili ya Godzilla, na baada yake hakuna anayeweza kunyoosha tarehe bila kugombana na mwenzake. Kilichobaki mioyoni mwa watu ni mwisho wa 1995, Godzilla akiyeyuka kwa joto la kinu cha nyuklia kilichomo mwilini mwake. Mwisho ule uliuma kwa sababu ulikuwa mwisho. Mfululizo usiokoma usingeweza kuutoa.

Hoja ya pili ni fedha. Ni kweli kwamba Godzilla x Kong: The New Empire ya 2024 ilikusanya zaidi ya dola milioni 560 duniani, na Minus One haikuikaribia. Lakini filamu za upande huohuo wa Marekani zilianza na moja iliyosimama karibu peke yake mwaka 2014 ikapata dola milioni 529 hivi, na ile ya 2019 iliyowaleta Mothra, Rodan na King Ghidorah kwa mpigo, jibu la maombi ya miaka mingi, ikashuka hadi milioni 387 hivi. Kuongeza madubwana hakuna hakika ya kuongeza watu. Nami siwakatai madubwana wa zamani. Filamu ya Shusuke Kaneko ya 2001 ina Mothra na Ghidorah, na ni miongoni mwa zilizo bora, kwa sababu Godzilla wake amebeba roho za waliokufa katika Vita vya Pasifiki ambao walio hai wamewasahau. Kaneko alipotaka kusema jambo hilo, aliifuta historia yote ya mfululizo isipokuwa 1954.

Yamazaki mwenyewe sasa anaendelea, na jina la Godzilla Minus Zero limekwisha kutangazwa. Simkatazi. Aliyeijenga nyumba ana haki ya kuongeza chumba, na huenda bado ana jambo la kusema juu ya Japani ya miaka ile, wakati watu walipokuwa wakijenga upya juu ya majivu. Ninachokipinga ni shauku ya kuona chumba hicho kikizaa korido, na korido ikizaa jengo ambalo mkurugenzi kijana wa kesho, mwenye uchungu wake kuhusu nchi yake, ataambiwa aingie kwa kufuata ramani ya wengine.

Turudi kwa Shin Godzilla, maana ndiyo filamu inayoombewa mwendelezo kwa bidii kuliko zote. Mwisho wake malori ya pampu, yaleyale ya namna iliyotumika kupoza vinu vya Fukushima, yanammiminia Godzilla dawa mdomoni hadi anaganda, na anabaki amesimama katikati ya Tokyo. Kwenye ncha ya mkia wake tunaona maumbo kama ya binadamu, yamekwama yakijaribu kuchomoka. Mashabiki wamekuwa wakidai kwa miaka waelezwe maumbo yale ni nini. Ili waelezwe, filamu ya pili italazimika kumyeyusha. Na akiyeyuka, watakuwa wamelipoteza jiji lile ambalo watu wake wanaamka, wanapanda treni kwenda kazini na kupita chini ya kitu ambacho wao na watoto wao watalazimika kukilinda kisipate joto.