Msitu wa Ngorongoro uwe darasa la watoto wa Karatu

Kwa miaka mingi sasa vijana wa vyuo vya Marekani wamekuwa wakivuka bahari kuja Rhotia, wilayani Karatu, ambako taasisi ya School for Field Studies ina kambi yake. Hapo husoma habari za wanyamapori, mazingira na maisha ya wananchi wanaopakana na hifadhi, na masomo hayo huhesabiwa katika shahada zao. Wanafanya jambo la maana, na ndiyo maana inauma kwamba mwanafunzi wa Karatu, anayeiona milima ya Ngorongoro kila asubuhi, anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuukanyaga msitu wake.

Msitu huo wa Nyanda za Juu Kaskazini umefunika miteremko ya mashariki na kusini ya milima ya Ngorongoro, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 na kutambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukipanda mlima hupoa na kuwa ukungu. Ukungu hunasa kwenye majani na kwenye zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu, kisha maji hudondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Yanazama kwenye udongo wa volkano na kuibukia mbali: kwenye chemchemi na vijito vya Karatu, kwenye msitu ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa huko Manyara, hata kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, nchi kame isiyo na mvua ya kutosha. Mtoto wa mkulima wa Mang'ola anasomeshwa kwa maji ya msitu ambao hajawahi kufundishwa chochote juu yake.

Ziara za shule zipo, tena ni jambo jema, lakini basi hupita lango la hifadhi la Loduare, hukata msitu bila kusimama na kuteremka kreta kutazama simba na faru. Kuona mnyama ni furaha. Kujifunza kunataka mikono. Mpe mwanafunzi makopo mawili, moja alitege chini ya mti na jingine pembeni penye uwazi, apime maji ya kila kopo asubuhi na aeleze tofauti imetoka wapi. Hiyo ni jiografia, baiolojia na hisabati kwa pamoja.

Wapo watakaosema msituni kuna nyati na tembo. Ni kweli, na ndiyo maana watalii hutembea humo wakiwa na askari wa hifadhi; wanafunzi nao wapewe ulinzi uleule. Wengine watataja gharama, ilhali msitu uko mlangoni na safari ya siku moja haihitaji hoteli. Hoja ya mitihani ndiyo nzito zaidi, kwani mwalimu hupimwa kwa ufaulu. Lakini mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unadai umahiri wa kutenda, na umahiri huo haupatikani ubaoni.

Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na Halmashauri ya Karatu zikae pamoja, zitenge njia fupi za masomo, askari na siku maalumu katika kalenda ya shule, na zianze na shule zilizo karibu kabisa na mpaka wa msitu.