Mchanga Katika Vyuma Chakavu

Watu wengi hudhani ya kuwa katika biashara ya vyuma chakavu mwizi ni mmoja tu, naye ni mwenye mizani. Dhana hiyo haikuzuka bure. Wako wenye yadi ambao kilo kumi za mnyonge zikifika kwao husoma nane, na ndiyo maana hapa Tanzania Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kuzibandika stika. Watu hao hatuwaonei huruma. Lakini leo twataka kusema juu ya mwizi wa pili, asiyesemwa sana kwa kuwa huja amevaa sura ya mnyonge: yule mteja aletaye mzigo yadini hali amekwisha uchanganya na uongo tangu nyumbani.

Hila zake zajulikana na kila mpimaji. Bomba la shaba hujazwa mchanga, kisha ncha zake hupondwa kwa nyundo zikafumba. Makopo ya alumini hutiwa maji au kokoto kabla ya kupondwa. Mota ya friji hujazwa saruji. Waya za alumini zilizovikwa shaba kwa juu tu huviringwa katikati ya waya za shaba tupu; na kwa kuwa sumaku haivuti shaba wala alumini, sumaku ya mpimaji hainong'oni neno, mpaka achukue tupa akwangue ndipo weupe uonekane. Ulaghai huu ni wa kale. Inasimuliwa kwamba zaidi ya miaka 2,200 iliyopita mfalme Hiero wa Syracuse alimshuku sonara wake kuwa amechanganya fedha katika taji la dhahabu, na mtaalamu Archimedes akautambua udanganyifu ule kwa kutumia maji. Sonara yule angalau alikuwa na ufundi. Huyu wetu ana mchanga na nyundo tu.

Ukimwuliza, atakujibu: "Tajiri amenipunja siku nyingi, leo nami najilipa." Maneno haya ni matamu masikioni, nasi twajua yanapata wasikilizaji, lakini hesabu yake si ya kweli. Tuseme mwenye yadi amenunua kilo 20 za shaba, akaja kukuta kilo 2 ni mchanga. Amepoteza fungu moja katika kumi. Je, atalilipa kutoka mfukoni mwake? Hata siku moja! Kesho yake atashusha bei ya kila kilo, au atakata uzito wa "uchafu" kwa kila ajaye, bila hata kuutazama mzigo. Basi anayelipa ni mama aliyezunguka juani tangu alfajiri akiokota makopo jalalani, na kijana wa mkokoteni aliyenunua masufuria mabovu mlango kwa mlango kwa fedha ya kukopa. Aliyetia mchanga amekwisha kwenda zake, na kesho atapeleka mzigo yadi nyingine.

Hasara ya fedha, hata hivyo, yaweza kustahimiliwa. Linalotukasirisha zaidi ni lile linalotokea mbele, kwenye tanuri. Vyuma hivi havikai yadini. Huenda viwandani vikayeyushwa ili vitoke nondo, na alumini hutoka masufuria. Chuma kuyeyuka hutaka joto la nyuzi kama 1,500. Maji yaliyofungiwa ndani ya chombo kilichopondwa, yakizama katika chuma kilichoyeyuka, hugeuka mvuke kwa ghafula, na mvuke huo hutaka nafasi iliyo zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe. Hauna pa kupita ila juu, nao huruka pamoja na chuma kile cha moto na kuwamwagikia walio karibu. Ni nani walio karibu? Si tajiri wa kiwanda, wala si mwenye yadi. Ni mfanyakazi anayelisha tanuri kwa zamu, mwenye mke na watoto wanaomngoja, ambaye hakuiona yadi ile wala hakugawiwa senti moja ya faida ile. Nao mchanga na saruji, ijapokuwa havilipuki, hula umeme bure na kutoka kama mavi ya chuma, yasiyomfaa mtu yeyote.

Iko pia hasara ya jina. Biashara inayonuka ulaghai hukosa mtetezi siku ya taabu. Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili mwaka 2022. Mwezi wa Januari minara ya njia kuu ya umeme ilianguka, nchi ikaingia gizani, na Serikali yao ikashuku kuwa kuna mikono iliyofungua vyuma vya minara ile. Biashara yote ya vyuma chakavu ikasimamishwa, mwema na mwovu pamoja, mpaka kanuni mpya zipatikane. Waliokuwa wakiokota makopo kwa haki walikaa miezi bila riziki kwa kosa lisilo lao.

Kwa hiyo twawataka wenye yadi waache kukata uzito kwa kukisia. Kila kilichozibwa kifunguliwe mlangoni, kabla ya mizani na mbele ya mwenye mzigo: bomba likatwe, mota ipasuliwe, waya ukwanguliwe kwa tupa. Ni kazi ya dakika chache. Wakusanyaji nao, ambao wanajuana kwa majina na hila za kila mmoja kuliko askari yeyote, waache kumficha mtia maji kwa kuwa ni mwenzao. Anayechomwa tanurini ni mwenzao vilevile. Na mpimaji aliyekwisha ukwangua mzigo akaukuta safi, kisha akakata kilo mbili za "uchafu", amweleze mwenye mzigo pale pale uchafu huo ameuona wapi.