Covid ya muda mrefu: dawa isiyopimwa isiuzwe kama tiba

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo alitangazwa mjini Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Leo barakoa zimewekwa kando, na wengi wanauona ugonjwa huo kama habari ya zamani. Lakini kuna watu ambao kwao haujaisha: wanaamka wamechoka kama hawakulala, moyo unaenda mbio kwa kazi ndogo, pumzi inakatika, akili inasahau. OMS inaita hivyo Covid ya muda mrefu pale dalili zinapoonekana kwa kawaida miezi 3 baada ya maambukizi, zikadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kwa makadirio ya shirika hilo, inawapata karibu watu 6 kati ya 100 walioambukizwa.

Swali la mgonjwa ni moja: dawa iko wapi? Ukweli ni kwamba hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuiponya hali hiyo. Jibu hilo ni chungu, lakini ni afadhali kuliko uongo unaouzwa kwa franga za maskini.

Si kwamba hakuna aliyetafuta. Desemba 2020, bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 1.15 kwa utafiti wa Covid ya muda mrefu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda katika kuwafuatilia wagonjwa, na majaribio ya dawa ya mpango huo yalitangazwa Julai 2023 tu. Wagonjwa walilalamika kwamba walisubiri sana, na walikuwa na haki.

Kazi yenyewe pia ni ngumu. Wengine wanadhani mabaki ya virusi yanajificha mwilini. Wengine wanadhani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Wengine wanataja damu kuganda katika mishipa midogo. Kila wazo linadai dawa yake. Chuo kikuu cha Stanford kilijaribu Paxlovid, dawa inayopambana na virusi, kwa wagonjwa 155 kwa siku 15. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa hiyo ya virusi, bila kujua ni vipi wamepata. Matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili.

Habari njema kidogo ilitoka kwa metformini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ya kisukari. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wenye uzito mkubwa walioimeza mapema, wakiwa bado na maambukizi mapya, walipata Covid ya muda mrefu kwa asilimia 6.3, dhidi ya asilimia 10.4 kwa wengine. Lakini hiyo ni kuzuia, si kuponya. Aliye na dalili tangu mwaka mmoja asikimbilie famasi kuinunua.

Wakaaji wa Kivu Kaskazini wanajua kwa nini dawa lazima ipimwe. Novemba 2018, Ebola ikiua watu Beni, Butembo, Katwa na Mangina, INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake walilinganisha dawa nne, mgonjwa akipangiwa dawa yake kwa kura. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, lakini kazi iliendelea. Agosti 2019 matokeo yalikuwa wazi: ZMapp, iliyotumainiwa sana, ilifuatwa na vifo vya karibu nusu ya wagonjwa, na remdesivir haikufanya vizuri zaidi. Dawa mbili nyingine zilishusha vifo hadi karibu asilimia 35. Moja kati ya hizo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Bila kipimo hicho, wagonjwa wangeendelea kupewa dawa dhaifu kwa sababu tu ina jina kubwa.

Kwa hiyo jaribio lililoshindwa si fedha zilizotupwa. Linafunga njia ya bure na kumwepusha mgonjwa na gharama. Hasara ya kweli ni sindano za vitamini, ivermectini na dawa za chupa zinazosifiwa kuponya kila kitu, bila yeyote kuonyesha zilipimwa wapi na kwa watu wangapi.

Wizara ya Afya inapaswa kuwafundisha wauguzi kuiuliza historia ya Covid pale mgonjwa anaporudi mara ya tatu na uchovu, malaria haionekani, na kifua kikuu, upungufu wa damu na kisukari vimetafutwa bila kupatikana. Asiyehesabiwa hatafutiwi dawa. Watafiti wa ng'ambo nao wasiyafanye majaribio yao kwa nchi tajiri peke yake: walioweza kupima dawa za Ebola katikati ya vita wanaweza kupima hizi pia. Na bei ijadiliwe kabla, kwa maana dawa itakayopatikana Marekani na kukosekana Butembo haitakuwa jibu kwa mgonjwa wa Butembo.