Mitingi Haziandiki Programu

Wasee, leo mnichukie tu. Timu nyingi za programu hapa Kenya haziendi polepole eti kwa sababu mainjinia ni wavivu. Zinaongozwa na watu wanaohesabu vitu vya bure: saa ulizokaa mtandaoni, mitingi ulizohudhuria, mistari ya msimbo uliyoandika.

Mimi nafanyia kazi Kiboko, huku Makueni, malori ya Mombasa Road yakinguruma. Kwetu kuna kituo cha KALRO ambapo mahindi hujaribiwa kama yatahimili ukame. Wanapanda wakati wa kiangazi, wanamwagilia, kisha wanakata maji mahindi yakikaribia kutoa maua. Mwishowe wanapima mavuno. Hakuna anayeuliza jembe liliinuliwa mara ngapi. Sasa mbona bosi wa teknolojia, na digrii zake zote, anauliza kitaa chako cha kijani kilizima saa ngapi?

Na kale kamtindo ka "tuongeze watu" dedlaini ikifika, nako kakome. Fred Brooks, aliyesimamia OS/360 pale IBM, aliandika mwaka wa 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Watu 4 wakiongea wawili wawili wana njia 6. Watu 10 wana 45. Arobaini na tano, bana! Halafu unashangaa Jumatatu nzima imeishia Zoom.

Mnataka mfano wa nyumbani? Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake. Yeye na kina David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakaanzisha Ushahidi, na toleo la kwanza likajengwa kwa siku chache. Hawakuwa hata chumba kimoja. Timu ndogo, shida moja inayoeleweka, kitu kikatoka kikifanya kazi, marekebisho yakafuata.

Najua mtasema hiyo ilikuwa dharura. Sawa, benki haiwezi kukimbia hivyo, pesa za watu si mchezo. Lakini hata benki inaweza kutoa mabadiliko madogo madogo, yaliyojaribiwa na mashine kwanza, badala ya furushi la miezi mitatu linaloangusha kila kitu siku ya mshahara.

Kwa hivyo bosi, wiki hii futa mitingi mbili. Uliza timu yako ni nini kinawakwamisha, kisha nyamaza usikize. Na wakikujibu ni wewe, tafadhali usiitishe mitingi ya kujadili hilo jibu.