Maji nayo yanachakachuliwa

Wadau, nimerudi kutoka kwetu Ngujini. Nilikwenda kumjulia hali bibi, nikarudi na hasira.

Kwa wasiopajua, Ngujini iko huko juu kwenye milima ya Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Ukishuka unafika tambarare, inakopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na huko ndiko vituo vya mafuta vimejipanga kusubiri mabasi na malori. Shangazi yangu ameolewa huko chini. Ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono, na nyuma ya ukuta wake kuna kituo cha mafuta. Sitakitaja jina, maana sina cheti cha maabara mkononi.

Nilimwomba maji ya kunywa. Akacheka. "Hayo ya kisimani ni ya kudekia, mwanangu. Yananuka kama jiko la mchina."

Nikavuta ndoo, nikanusa. Kweli bwana!

Basi nikaanza kazi yangu ya kuuliza maswali. Pale kituoni msimamizi akanipokea vizuri tu: "Mdogo wangu, mafuta hayavuji, yanapungua kwa joto." Ofisi ya kwanza niliyokwenda ikasema hilo ni suala la maji. Wa maji wakasema ni suala la mafuta. Ofisi ya tatu ikaniambia niandike barua. Nimeandika. Swali langu lilikuwa moja: udongo na maji ya eneo lile vilipimwa lini mara ya mwisho? HAKUNA aliyenionyesha hata karatasi moja.

Sasa tukumbushane kitu. Mwaka 2010 nchi hii ilichoshwa na uchakachuaji. Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli, magari yanakufa, kodi inapotea. Serikali ikaamka. EWURA wakaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, kazi ambayo baadaye ilikwenda TBS. Wakaguzi wanaingia kituoni, wanachukua sampuli, ukikutwa na kosa unafungiwa. Safi kabisa.

Kwa hiyo uwezo wa kupima tunao. Tunapima kama mafuta yamechanganywa na kitu kingine. Mbona hatupimi kwa ukali uleule kama maji yamechanganywa na mafuta? Jibu langu ni hili: mafuta yakichakachuliwa hazina inapoteza pesa. Maji yakichakachuliwa anayepoteza ni shangazi yangu.

Wapo watakaosema natia chumvi, eti lita mbili tatu zikimwagika zinamezwa na ardhi. Ngoja niwaeleze. Tangi la chuma la ukuta mmoja likifukiwa ardhini huliwa na kutu taratibu. Viungio vya mabomba hulegea. Lori likishusha mafuta kwa pupa, tangi hufurika. Petroli ikishuka na kukuta maji ya ardhini, huelea juu yake. Tatizo ni zile kemikali zinazoyeyuka na kusafiri na maji hadi kisimani. Mmojawapo unaitwa benzini, ambao unajulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka usizidi mikrogramu 10 kwenye lita ya maji ya kunywa. Nimepiga hesabu: lita moja ya petroli yenye benzini asilimia moja tu inatosha kuvusha kiwango hicho kwenye maji zaidi ya lita 800,000. LITA MOJA, wadau!

Wengine watasema: si mmeletewa maji ya bomba? Ni kweli, mradi wa Same-Mwanga-Korogwe unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, na tunashukuru. Lakini nani hajui kwamba bomba likikauka siku tatu watu wanarudi kisimani? Na ng'ombe na bustani ya mchicha navyo tutavivutia bomba?

Tuwaangalie jirani zetu. Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa-Nairobi huko Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Bomba lenyewe ni la mwaka 1978. Mto ukaharibika, visima vikaharibika, watu wakaugua. Ilichukua miaka kumi, hadi 2025, mahakama kuamuru kampuni ya bomba iwalipe wananchi mabilioni ya shilingi. Na hilo ni bomba kubwa la taifa zima! Kituo kimoja kinachovuja kidogo kidogo kila siku, nani atakwenda mahakamani kwa ajili yake?

Marekani waliliona hili mapema. Mwaka 1984 walitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi. Mwaka 1986 wakaanzisha mfuko wa kusafisha, unaotokana na tozo ya sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni. Wenye vituo wakapewa hadi Desemba 1998 kuboresha matangi ya zamani au kuyafunga. Walipoanza kutafuta, wakakuta uvujaji unaozidi 500,000. Je, chuma cha Marekani kinaoza, cha Bongo hakiozi?

Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 inasema anayechafua alipe, na inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira. NEMC ipo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ipo. Tuache kurushiana mpira. Nataka mambo matatu. Kwanza, kila kituo kiwe na kisima kidogo cha uchunguzi kando ya matangi, na maji yake yapimwe mara mbili kwa mwaka. Pili, majibu yabandikwe ukutani pale kituoni, karibu na bei ya mafuta. Tatu, shilingi moja kwa kila lita iende kwenye mfuko wa kusafisha. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara, tukalipa. Kituo kinachouza lita 5,000 kwa siku kingechanga zaidi ya shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Hizo zinapima maji na chenji inabaki.

Kule Upareni wazee walikuwa na ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku na kuyagawa mchana. Watu wanakwenda msaragambo kulisafisha, na asiyekwenda anatozwa faini. Hawakuwa na maabara, lakini kila mtu alijua maji ni ya nani na nani wa kuulizwa yakichafuka. Sisi wenye digrii na ofisi nne za serikali, nani wetu wa kuulizwa?

Nimechukua chupa mbili za maji ya shangazi. Nazipeleka maabara kwa pesa yangu. Majibu yakitoka mtayajua, yawe mabaya au mazuri, na nikikuta nimemwonea mwenye kituo nitamwomba radhi hadharani.

Ila kazi hii haikuwa yangu.